Mstari Juu ya Faili za Hilda

Dongobesh, 4 Machi 2025

Dada Genoveva,

Nimeizima linta kwenye faili zote nane za Hilda, na yeye nimemwambia kila kitu kiko sawa. Hakuna mwingine ninayeweza kumwambia hili. Samahani nimeanza nalo kabla ya salamu. Shikamoo dada. Habari za Arusha na za kazi? Mama mkubwa hajambo, goti tu linamsumbua akishuka mtoni.

Unajua mimi na Hilda tuko kwenye majaribio ya ile programu ya wakulima wa vitunguu swaumu. Kazi yetu ikimfikia kaka Bryson, msimamizi wetu wa Babati, Ijumaa ikiwa safi, wanatuchukua kazini wote wawili. Hilda yuko Haydom anamuuguza mama yake, ameniachia faili zake niziunganishe na zangu. Shida ni zile programu mbili ndogo, fomata na linta. Fomata inapanga mistari ya programu ikae vizuri, linta inakagua makosa, lakini haziafikiani. Fomata inaweka alama mbili za nukuu, linta inataka moja. Nikiitii hii, ile inalalamika. Makosa 312 kwenye faili za Hilda peke yake, dada. Faili zangu nilizirekebisha kwa mkono siku mbili nzima. Za Hilda zimenishinda, ndiyo nikaandika juu ya kila faili mstari wa kuiambia linta isikague. Hilda alipopiga simu kuuliza, nikasema imepita.

Mdogo wako,
Letisia

Arusha, 5 Machi 2025

Mdogo wangu Letisia,

Marahaba. Mimi mzima, mvua tu zimetukalia. Mwambie mama aache kubeba ndoo, watoto wa kubeba wapo.

Hayo 312 yasikutoe machozi, mengi si makosa, ni mambo ya mwonekano tu. Kila aliyeziweka hizo mbili pamoja amekutana na ugomvi huo. Kuna kifurushi kidogo kinachozima zile kanuni za linta zinazohusu mwonekano. Fomata inabaki na kupanga, linta inabaki na makosa ya kweli. Kisakinishe, ukiandike mwisho kabisa kwenye orodha ya mipangilio, kisha ufute mistari yako yote. Usitume kazi ikiwa na mistari ile. Ikikataa, niandikie.

Dada yako,
Genoveva

Dongobesh, 8 Machi 2025

Shikamoo dada. Natumaini umeamka salama. Sisi wazima.

Kifurushi nilikisakinisha. Uliandika mwisho, lakini nikaona kitu chenye amri juu ya vingine hakiwezi kukaa nyuma. Kwetu mkubwa hutajwa kwanza. Nikadhani uliandika kwa haraka, na nikaona aibu kukuuliza kama umekosea, wewe mkubwa wangu. Nikakiweka mwanzo. Nikafuta mistari kujaribu, makosa yakarudi 312 yaleyale, nikairudisha. Jana saa kumi jioni muda ukaisha, nikatuma na mistari ile.

Mdogo wako,
Letisia

Arusha, 8 Machi 2025

Letisia mdogo wangu,

Niliandika mwisho, na nilimaanisha mwisho. Orodha ile inasomwa kuanzia juu, na wa mwisho kusema ndiye anayesikilizwa. Ungeniuliza nisingekasirika.

Leo hiihii mwandikie huyo kaka Bryson wa Babati kwamba mistari ni yako. Mwambie kabla hajaiona. Faili zina jina la Hilda, kwa hiyo ukinyamaza, atakayeonekana ameficha makosa ni yeye.

Dada yako,
Genoveva

Dongobesh, 6 Aprili 2025

Shikamoo dada. Pole kwa kupiga simu bila kupokelewa. Simu ilikuwa mkononi mwangu kila ulipopiga. Mama mkubwa goti limepata nafuu.

Siku ileile uliponiandikia nilikihamisha kifurushi mwisho, nikafuta mistari. Kati ya makosa 312 likabaki moja. Hilda alikuwa amelitaja jina la orodha ya wakulima ambayo hakuitengeneza popote. Ni kosa la dakika moja, linta ingemwonyesha. Nikamwandikia kaka Bryson, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Jumatatu akapiga kabla sijatuma. Hilda alikuwa amerudi, tumekaa wote dukani kwa Marieta, simu iko kwenye spika. Kaka Bryson alisema ukurasa wa wakulima umefunguka mtupu. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Hilda, kwa nini uliizuia linta isikague kazi yako?"

Hilda hata maana ya mstari ule haijui. Akanitazama nimsaidie. Mimi nikatazama kibodi.

"Samahani kaka," akasema. "Labda niligusa vibaya."

Akajibiwa kuwa hawawezi kumchukua mtu anayeficha makosa. Mimi wamenichukua. Njiani Hilda akanipongeza, akasema afadhali hata mmoja wetu, tena akanishukuru kwa kuhangaika na faili zake. Wiki iliyopita amekwenda Mogitu kwa shangazi yake, kulima. Anasema kompyuta hataki tena kuziona, kichwa chake hakizikubali. Dada, huyu alikuwa ananishinda hesabu tangu kidato cha kwanza.

Kesho naanza kazi. Baba ameshatangaza kanisani, watu wakapiga makofi na mimi nikasimama. Najua ulichoniambia, na najua kila siku inayopita inazidi kuwa ngumu kukisema. Ukimweleza kaka Bryson utakuwa umetenda haki. Lakini nakuomba dada yangu, usimwambie. Wala Hilda, wala mama mkubwa. Barua pepe hizi zifute, jambo hili libaki kwako.

Mdogo wako,
Letisia