Kyalo na Adui wa Kompyuta

Jumamosi, jioni.

Halafu Kyalo kijana yangu akakufa tena ndani ya kompyuta, na mimi nilikuwa nimekaa tu kando yake namenya muhogo. Andika hivyo, Mwende, mjukuu yangu.

Ati jeshi inawafundisha vita na hiyo mchezo. Kesho kutwa anaenda mpakani, kwa vita ya ukweli.

Nikamuuliza, "Mbona unapigwa hapo hapo?"

"Mwaitu, mama yangu, adui ashajua mwenzangu akianguka lazima nimrudie. Ananingojea."

"Na ukimwacha?"

"Nashinda."

Hiyo imenisumbua. Mimi ndio nilimlea hivyo, asiache mtu. Lakini huyo adui anajuaje roho ya mtoto yangu? Na Kyalo akijua anajulikana, si anaweza...

Huyo ananiita sasa hivi toka kwa kompyuta. "Mwaitu, kuja! Nimemzungukia adui nyuma, na mwenzangu tumetoka wote wawili!"

Wacha hapo, Mwende. Naenda nione.