Waliopona Kwenye Karatasi

3 Machi

…ndiyo maana nakwambia, Shangazi, hayo matone ya dawa uliyouziwa na yule mtaalamu usiyafungue kwanza. Lakini hata sijakusalimu! Shikamoo. Sukari inasomaje asubuhi? Na ule mguu? Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Wiki ya sita ya ndoa na bado nikiandika "mume wangu" nacheka peke yangu kama mwehu. Anarudi kutoka kwenye mitambo ya uchapaji ana wino hadi masikioni, nami nampenda hivyo hivyo.

Kila kazi wanayochapa, nakala moja hutundikwa msumarini. Jumamosi nilimpelekea chakula, nikaona karatasi ya matangazo ya huyo mtaalamu wako: watu tisa wanatabasamu, chini ya kila mmoja "Nimepona kabisa." Mume wangu akafunua nakala nyingine. Karatasi za mazishi. Wanne kati ya wale tisa, Shangazi. Picha ile ile, tabasamu lile lile. Familia zilisema hazikuwa na picha nyingine nzuri.

Sisemi matone yaliwaua. Nasema hayakuwaponya.

Mwanao

19 Machi

Bibi harusi wangu,

Marahaba. Barua nzima mume, mume! Mwache apumue. Mimi nipo, mguu mzito kidogo.

Usinidhanie mjinga. Miaka kumi na moja ya kujidunga sindano, tumbo limekuwa kama chujio. Kule kliniki nafokewa. Mtaalamu alinikalisha kitini, akaniuliza nalalaje. Nani mwingine ameniuliza? Kisha akanipiga picha, kabla sijaonja hata tone. "Tabasamu, mama, kama mtu aliyerudi kutoka mbali."

Chupa bado imefungwa. Ila jana niliruka sindano moja, nione tu.

Sasa kuna jambo. Tangu juzi watu wanabisha hodi. Siwajui. Wanasimama mlangoni wananitazama kama wanatazama mzuka. "Tumekuja kumwona yule mama aliyepona." Mmoja alipiga magoti akanishika mguu, ule ule mbovu. Nikamwona analia kwa furaha, na mimi sikuhisi vidole vyake.

 

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe mwandiko, naandika haraka. Nimekwenda msumarini mwenyewe. Umo kwenye karatasi mpya. Wa kumi, na lile gauni lako la bluu. Alichapa mwenzake, mume wangu angekutambua. Wameandika umepona tangu mwaka jana.

Sikucheki, wala sitakufokea. Unasema hakuna mwingine aliyekuuliza unalalaje. Mimi pia sikuuliza. Niliuliza namba za sukari tu. Unalalaje, Shangazi? Niandikie, hata kurasa kumi.

Uamuzi ni wako. Naomba mambo mawili tu. Sindano ya leo usiiruke. Na mguu usiohisi mkono wa mtu usingoje mtu: kesho asubuhi nenda kliniki, chupa uibebe mkobani, umwonyeshe daktari na kumwuliza. Akikufokea, mwambie mpwa wako anakuja, na ana mdomo.

Akibisha mwingine, mfungulie. Mwonyeshe mguu.

Mume wangu ameomba ruhusa kazini bila hata mimi kumwambia (unaona nilivyobahatika?). Tunakuja wote wawili. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, nami nitakuita kwa sauti, ujue si wao.

Mwanao