Hoteli Yenye Jina Langu

Jumapili alasiri, Julai 2008

Baridi imeingia hadi ndani ya saiba hii ninapokodi kompyuta, na ukungu haujatoka kwenye vilima tangu asubuhi.

Kesho naenda kortini.

Niandike polepole ili nijielewe. Kwa miaka mingi Mama aliuza kuku wa kukaanga hapa Machakos kwa jina la kampuni ya Nairobi. Bango lilikuwa lao, viungo vyao, hata aproni. Alikuwa ametia sahihi mkataba kwamba akiwaacha, asiuze kuku mjini humu kwa miaka miwili. Mwaka huu aliwaacha, akafungua hoteli yake mwenyewe mtaa wa pili. Wakamshtaki, na korti ikamwamuru afunge hadi kesi isikizwe.

Alifunga. Halafu mimi nikafikisha miaka kumi na minane, nikapata kitambulisho.

"Wewe hukutia sahihi chochote," Mama aliniambia. "Leseni itakuwa yako. Utaniandika kazi, bosi?"

Tulicheka sana siku hiyo. Bango likachorwa: Kuku wa Mutheu.

Hatukufikiria jambo moja. Huku kwetu mwanamke akishazaa, watu humwita kwa jina la mtoto. Mimi hakuna anayenijua mjini. Mama Mutheu wanamjua wote. Walipoona bango, walijua amerudi.

Wiki iliyopita mwanamume fulani aliagiza robo kuku, akala taratibu, kisha akaniuliza, "Msichana, wewe ndio mwenye hoteli?"

Mimi hata kuitikia jina langu darasani kulinitoa jasho. Nilimtazama Mama. Kabla sijapata sauti, jirani yetu muuza viatu akaita kutoka mlangoni:

"Mama Mutheu! Leo uko na mapaja, ama ni zile shingo za jana?"

"Shingo nitakata ni yako!" Mama akamjibu, kama kawaida yao.

Yule mwanamume alicheka pia. Akanawa mikono, akaenda zake.

Kumbe alikuwa mtu wa kampuni. Ijumaa tuliletewa karatasi: Mama anashtakiwa kukaidi amri ya korti, na mimi naitwa nieleze hoteli ni ya nani. Wakili wetu anasema jaji anaweza kumfunga jela.

Jela. Mama yangu.

Naogopa kushika Bibilia na kusema hoteli ni yangu, wakati sijui hata mafuta tunanunua wapi. Naogopa kusema ni yake, halafu nione askari akimshika mkono.

Leo tulipotoka kanisani nilimwambia Mama kwa Kikamba chetu, "Mwaitu, siwezi kusema ni yangu."

Alikuwa akichagua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya sinia. Nilidhani atanigombeza.

"Basi usiseme," akasema. "Nitasimama mimi kwanza, niwaambie nilichofanya. Bango nalo litoke leo. Wewe kaa nyuma kabisa, mahali hawatakuona."

Akaendelea na mchele. Niliona anatoa hata punje nzuri pamoja na mawe.

Sijui watamfanyia nini.

Lakini nyuma kabisa ndipo nilipokaa miaka yangu yote minne ya sekondari. Kesho nitakaa benchi la mbele, ili Mama akigeuka anione.