Gundi kwenye Mabawa

Jumamosi jioni, Kapkatet

Gundi! Rono amepaka gundi kwenye mabawa ya ndege yangu ya mfano, bila hata kuniuliza.

Miezi minne nimeunganisha vile vipande vya plastiki. Ndege za vita za kwenye meli zilikunjwa mabawa ili zitoshee ndani, na hii yangu, ndogo kama kiganja, ilikuwa inakunja na kukunjua kama ya kweli. Wiki iliyopita Rono aliomba akaitazame nyumbani, nikampa. Leo tulipokutana kwa Achieng', sisi watatu wa kila Jumamosi, akaiweka mezani. Mabawa yamenyooka, hayakunjiki tena.

"Yalikuwa yamevunjika," akasema. "Nimekutengenezea."

"Yamevunjika wapi? Huoni bawaba?"

Nilipiga kelele. Nilimwita mharibifu mbele ya Achieng'. Rono akachukua kofia yake akaondoka, chai hajamaliza.

Achieng' ndiye aliyeniambia, na kwa ukali: "Haoni. Macho yake yanaisha tangu mwaka jana. Alinikataza kukuambia."

Miaka kumi na mbili tunakaa meza moja, na akanificha! Na mimi, mtu mzima, sikuona kitu. Nilikuwa naangalia ndege tu.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kesho baada ya kanisa nitaenda kwake. Nitaanza kwa kumwomba msamaha. Halafu nitamgombeza mpaka akubali nimpeleke kwa daktari wa macho.