Unga wa Baba Asukulu

Albertville, 1956

Dada yangu mukubwa, Yaya Feliciana,

Nakusalimia sana, we na batoto na shemeji. Mama iko namna gani na miguu yake? Baridi ya asubuhi ingali inamusumbua? Mi niko muzima, ila nimechoka, Yaya. Kazi ya bandari inaanza jua halijatoka. Kutwa nasimama ndani ya vumbi la simenti nikihesabu magunia, na jioni hata kuvua viatu ni kazi.

Nakuandikia juu ya Baba Asukulu wa Lubondja, yule mupishi wetu kule shule ya bamoniteri, tulipojifunza ualimu. Amekufa. Tulimuzika Jumanne.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia. Tulikuwa vijana nane ba Fizi katika nyumba moja, tukiitana ndugu, na yeye alitulisha kama batoto bake. Sombe, majani ya muhogo, alitwanga mwenyewe, akatia mawese na ndakala, tudagaa twa ziwa. Mwenye homa alipikiwa uji pembeni. Mwaka wa mwisho tulikataa unga uliooza, na mukubwa wa shule akafunga jiko siku mbili ili atutie adabu. Baba Asukulu akatoa unga wa nyumbani kwake, akatusongea bugali nyuma ya bustani.

"Mukule kwanza, batoto bangu," alisema. "Maneno ingine tutaona kesho."

Kesho yake niliitwa bureau ya mukubwa, peke yangu. Mukubwa akauliza nani alitupikia. Nisipojibu, nitarudi kwetu Baraka bila diplome. Nikataja jina. Saa sita Baba Asukulu alikuwa amefukuzwa.

Hilo sikukuambia, Yaya. Sikumwambia muntu.

Mwaka jana nikamukuta hapa, anapikia bafanyakazi ba bandari kambini. Alinitambua kabla mi sijamutambua. Akanijazia sahani, hakuuliza kitu. Nikala kwake miezi na miezi, kila siku nameza lile neno pamoja na bugali. Hata alipougua kifua niliendelea kungoja, mpaka akashindwa hata kuketi kitandani. Ndipo nikasema: "Baba, ni mi nilikutaja."

Akaniangalia sana. "Nilijua. Bale saba bote balikuja kuniaga. We hukuja."

"Na bado ulinipa chakula?"

"Ulikuwa na njaa, Rafaeli. Mupishi atafanya nini na muntu wa njaa?"

Halafu akaniambia kinachomuuma. Kule Lubondja balisikia kwamba alifukuzwa kwa kuiba unga wa shule, na kwa kuona haya hakurudi tena kwao. Hata we uliwahi kuniandikia habari hiyo, Yaya, na mi nilinyamaza. Siku tatu baadaye akatutoka.

Sasa nakuomba upande mpaka Lubondja kwa muke wake. Umusomee barua hii mbele ya bakwe na bajirani, yote, hata pale penye jina langu. Unga ulikuwa wake. Likizo ikifika nitakuja mwenyewe kusimama mbele yake. Kama atanitukana mbele ya bantu, usinitetee.

Unisalimie mama, shemeji na bavuvi benzake, mujomba Elia katekista, na shangazi aliyetulea baba alipokufa.

Mungu abatunze hapo kando ya ziwa.

Mi mudogo wako,
Rafaeli