Chupa Tuliyoiita Mama

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mama, na za wifi yangu ambaye bado yuko wodini na haachi kukuulizia. Hujambo huko? Kile kikohozi cha vumbi la mitambo kimekuachia? Mama anasema usipokunywa maji ya moto atakufuata huko huko, na unamjua, atapanda gari kweli. Yeye ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi nipo. Nisiseme mzima.

Habari kwamba umepata binti ilikufikia siku ileile, na habari ya macho yake siku ya pili, kwa maneno machache ya simu yaliyokuongezea hofu tu. Ukanitumia ujumbe kwamba nikuandikie yote, nisikufiche. Basi nakuandikia. Leo ni siku ya tisa. Jicho la kulia limefunguka na linafuata mwanga wa tochi. La kushoto bado limefungwa bandeji, na chini ya bandeji kuna ukungu mweupe juu ya mboni. Daktari wa macho anasema huenda ukapungua, huenda usipungue, atajua baada ya wiki sita. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Mwanao anaweza kubaki na jicho moja.

Ili uelewe yaliyotokea, lazima nikuingize kwenye chumba changu cha dawa. Nilipoanza kazi hii ulinitania kwamba kaka wa mtu anayeshika fedha kutwa hawezi kulala njaa, nami nikakueleza kuwa fedha yenyewe ni ile ya pete na bangili, iliyoyeyushwa kwa asidi ikawa chumvi nyeupe. Ikitiwa majini inaua vijidudu. Kila mtoto anayezaliwa kwetu hudondoshewa tone moja katika kila jicho, asije akapofushwa na maradhi ya njia ya uzazi. Ikiwa nyepesi ni dawa. Ikiwa nzito inaunguza. Ndiyo maana ina masharti kuliko bibi harusi: ikae kwenye chupa ya kahawia ndani ya kabati, kwa kuwa mwanga huiharibu, isiguse chuma, isichanganywe na maji ya bomba, maana yatageuka kama maji ya kuoshea mchele, isiwe karibu na amonia ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko wao ukikaa unaweza kulipuka. Anayeishika avae glavu na miwani. Ikikudondokea mkononi huoni kitu, unaenda zako, na kesho yake pale ilipogusa pamekuwa peusi na hakuna sabuni ya kupatoa.

Chupa kubwa yenye dawa nzito tunaiita Mama. Ile ndogo inayokwenda chumba cha kuzalia, yenye kipimo kimoja cha Mama na vipimo tisa vya maji safi, tunaiita Mtoto. Aliyeanzisha majina hayo simjui, niliyakuta. Wageni hutucheka wakisikia Mama amevuja, au Mtoto aoshwe kabla ya kujazwa. Sisi tumezoea mno, hatujisikii tena.

Siku ile wifi aliingia chumba cha kuzalia saa tatu asubuhi. Baada ya zile mimba mbili zilizoharibika unajua mioyo yetu ilikuwa wapi. Mama alikaa kwenye benchi nje, mkoba ameukumbatia, hataki chai wala mazungumzo. Mimi nilijifanya nafanya kazi, nikawa nahesabu vidonge na kukosea, nahesabu na kukosea. Mkunga wa zamu alikuwa yule tunayemwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lake kwa kila mzazi. Ana miaka ishirini na sita katika kazi hiyo na hajawahi kuinua sauti. Ilipofika kama saa sita, mhudumu alinipitishia kikaratasi dirishani, mwandiko wa Taratibu mwenyewe: Mtoto amekwisha. Njoo upesi.

Kaka, nimesoma vikaratasi kama hivyo kwa miaka kumi na moja. Siku hiyo sikusoma habari ya chupa. Nilisoma habari ya mwanao.

Nilikimbia na kuacha mlango wazi. Sijui niligonga nani njiani. Nilipofika nikasikia mtoto analia, na Taratibu akatoa kichwa nje akaniuliza mbona nimekuja mikono mitupu, dawa iko wapi, yeye ana wazazi watatu na mikono miwili. Kisha akaniona uso, akaniambia taratibu, nimepata binti wa kaka, mtoto ni mzima na ana mapafu ya muuza magazeti, macho tu ndiyo yanangoja dawa. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikarudi mbio. Dawa ikaletwa, nikatoka mara moja kumpa mama habari pale benchini, na niliporudi nikaruhusiwa kusimama nimwangalie mtoto wetu akitiwa matone.

Yalipoingia tu, alilia kilio ambacho sitakieleza. Kope zilivimba mbele yetu na ngozi ya kando ya macho ikawa nyeupe. Nilipiga kelele kwamba ni Mama, ni Mama, na wifi kitandani akadhani namwita mama yetu. Nikampokonya Taratibu mtoto, nikaagiza maji ya dripu, nikamfungua kope kwa vidole na kumwosha, chupa baada ya chupa, dakika ishirini bila kupumzika. Daktari wa macho alipofika alisema bila kuoshwa kule mtoto asingebaki na jicho hata moja.

Tangu hapo nimekuwa malaika wa hospitali. Mganga mkuu alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Mama anasimulia hadi kwa watu asiowajua. Na Taratibu amesimamishwa kazi. Wakuu walikaa kikao wakaniuliza kama nilichanganya dawa sawasawa, nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama mkunga angeweza kuingia chumba cha dawa, mlango nimeuacha wazi nami niko kwa mama benchini, akaijazia chupa kutoka kwa Mama. Nikasema ana tabia ya kuingia mwenyewe akiwa na haraka. Hilo ni kweli, anayo tabia hiyo. Yeye alikana, lakini nani angemsikiliza mbele ya malaika? Juzi nilimkuta langoni amekuja kuchukua viatu vyake vya kazi. Aliniambia amefikiri mpaka kichwa kinamuuma, na sasa hana hakika, huenda kweli aliingia na amesahau. Akanishukuru kwa kumwokoa mtoto.

Hakuna aliyeniuliza nilijuaje papo hapo kuwa ile ni Mama. Dawa nyepesi na dawa nzito, ukizitazama, zote ni kama maji tu. Nilijua kwa sababu nilipomsikia mwanao akilia niliona tena mkono wangu ukimimina. Nilirudi chumba cha dawa nimelewa furaha, sikuvaa glavu, nikamjaza Mtoto kutoka kwa Mama hadi shingoni, nikafunga kizibo, nikakimbia. Yale maji sikuyatia. Hata tone. Si Taratibu, kaka. Ni mimi. Kesho yake vidole vyangu vitatu vilikuwa vyeusi, nikavifunga plasta na kusema nimeungua na chai.

Nimejifungia chumba cha dawa saa hii ya chakula nikiandika, na naogopa. Kesho asubuhi nataka kuingia kwa mganga mkuu na kufungua plasta hizi mbele yake. Nimeshasema kesho mara sita. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza: barua ikishaondoka mkononi mwangu sitakuwa na pa kurudi. Sikuombi msamaha. Kila nikiliwaza lile jicho naona sina mdomo wa kuuombea.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya kumwandikisha mtoto. Wifi amenituma niipeleke kwako utie sahihi ya baba, naye hajui kama nimeambatanisha barua. Amekwisha kulijaza jina. Alisema amelichagua peke yake na hataki ubishi, mtoto ataitwa kwa jina la shangazi yake aliyemwokoa. Nilishindwa kumzuia. Nakusihi usiitie sahihi, kaka, mwandikie achague lingine.

Mama anakusalimu sana. Wifi anakusalimu. Jitunze kifua, na kula vizuri hata ukisoma haya.

Ni mimi mdogo wako. Jina langu sikuliandika hapa, utaliona kwenye fomu.