Pumzi Katikati ya Mshororo

Likombe, Mtwara.
3 Julai 2025.

Mpendwa Mama mdogo Mgeni,

Shikamoo. Kabla ya yote niombe radhi, maana najua umeninunia na una haki. Barua yako aliyoileta Kassimu niliipokea kabla ya Ramadhani, na tangu hapo ilikuwa chini ya godoro ikinisubiri. Kila nikikaa niandike, ama Omari analilia meno, ama mimi mwenyewe nasinzia kalamu ikiwa mkononi. Na simu ya huko kwenu Montepuez, ng'ambo ya mpaka, unaijua, tunaitana "haloo, haloo" mpaka salio linakwisha. Nisamehe mwanao.

Hali yako? Mguu umepoa? Baba mdogo Hassani bado anagombana na mbuzi wa jirani? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Omari anasimama kwa kushika ukuta. Mume wangu Nassoro yuko Mpapura na mama yake, wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Mimi nimechoka tu, lakini uchovu si ugonjwa.

Mwenye shida ni Mariamu. Kifua chake hakijatulia. Mwaka jana nilimpeleka kwa bibi yake Mpapura msimu huu huu wa salfa, ule unga wa njano ukatanda shamba zima, na mtoto tulimrudisha akiwa amekaa wima kwenye pikipiki anatafuta hewa kama samaki. Daktari alisema wazi: mtoto huyu na salfa wasikutane. Kwa hiyo mwaka huu naenda naye kazini.

Nafanya kazi kwa Bi Kanta. Unamkumbuka, yule mama wa Kihindi wa duka la vitambaa, aliyezaliwa Mikindani na anayezungumza Kiswahili kutushinda. Nafua, napika dengu na chapati, namkanda miguu.

Sasa hili ndilo nililotaka kukueleza, na sijui kama nitaliweza.

Kila asubuhi akishaoga, Bi Kanta huketi chini mbele ya miungu yake, anawasha kitaa cha utambi na samli, anasoma aya zao za Kisanskriti kwa sauti ya kuimba. Mwanzoni sikujali, niliona ni mambo yao. Siku moja nilikuwa nabeba ndoo kutoka jikoni. Alianza mshororo nikiwa kwenye meko, nikapita ukumbini, nikafika uani, nikatua ndoo, na sauti bado inakwenda, haijakatika. Nilisimama pale na kata mkononi.

Baadaye alinieleza. Aya zile zimepangwa kama shairi, kila mshororo una vipande viwili, na yeye husoma mshororo mzima kwa pumzi moja. Tena ukimwangalia, mabega hayapandi. Humsikii akivuta. Kile kitaa anakiweka karibu kabisa na mdomo, na mwali unasimama kama umechorwa ukutani. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo utotoni: mwali ukicheza, ujue unamwaga pumzi bure. Mama mdogo, mimi mwali ule niliuchezesha kwa kusema "haya" tu.

Masika yalipoingia akaugua homa ya mapafu. Alilazwa, akarudi, ila pumzi haikurudi yote. Asubuhi ya kwanza alikaa, akaanza, ikamkatikia katikati ya mshororo. Akajaribu tena, ikamkatikia palepale. Akafunika kitaa na kibakuli, akanyamaza. Mwanawe Jayanti akamwekea simu imsomee. Akaizima.

Mimi kwa kutaka kusaidia nikamwambia alivyotufundisha marehemu Babu chuoni, tukisoma Qur'ani: pumzi ikikuishia mahali pasipo pa kusimama, rudi neno moja au mawili nyuma, uunganishe, maana isikatwe. Nilijiona nimetoa dawa. Akanicheka.

"Hiyo ni ya kwenu, binti. Huku mimi sirudi nyuma."

"Basi pumzika katikati, kwenye kipande."

"Katikati wanapumzika watoto wanaojifunza. Mimi si mtoto. Ama mzima, ama ninyamaze."

Akanyamaza kweli. Nyumba nzima ikawa kimya, hata mimi nikajikuta nafagia kwa kunyata.

Sasa sikia. Mwezi uliopita, mchana, nikiwa uani nafua, Mariamu kifua kikambana. Nikasikia kile kimluzi chake kutoka ndani. Nikakimbia, natafuta kichupa chake cha dawa ya kuvuta, sikipati, namwaga mkoba sakafuni, nalia, na mtoto ananiona ninavyolia naye anazidi kuogopa. Unajua mtoto wa kifua akiogopa anavyokuwa. Anavuta juujuu, mabega yamepanda masikioni.

Bi Kanta alimvuta Mariamu mapajani, mgongo wa mtoto ukalala kifuani kwake, akamwekea mkono tumboni. Akamwambia, "Maneno muachie bibi. Wewe niletee pumzi tu." Akaanza kusoma.

Na alisoma nusunusu. Kipande, anapumua. Kipande, anapumua. Kama mtoto anayejifunza, mbele yangu mimi mfanyakazi wake, mwanamke aliyekaa kimya tangu masika kwa kukataa jambo hilohilo. Kila akipumua, mkono wake unainuka juu ya tumbo la Mariamu, na Mariamu anainuka nao. Nilipokipata kichupa, mtoto alikuwa ametulia kiasi cha kukishika mwenyewe.

Usinielewe vibaya. Dawa ndiyo iliyofungua kifua, sitaki mtu aseme mwanangu kaponywa kwa dua za Kihindi. Lakini hofu niliiona ikimtoka kwa macho yangu, na haikutolewa na dawa. Nilikaa chini na mikono yangu ya sabuni. Mwanamke ambaye mapafu yake mwenyewe hayamtoshi, amepata ya kumgawia mwanangu.

Tangu siku hiyo anasoma tena. Kila asubuhi Mariamu anakaa mapajani pake. Hasemi hata neno moja la kwao, anavuta na kutoa tu. Na kila wiki Bi Kanta anasogeza pumziko mbele kidogo. Juzi walifika mwisho wa mshororo bila kupumzika, wote wawili, na mwali haukucheza.

Bila shaka maneno yakafika Mpapura. Alhamisi iliyopita mama mkwe akashuka na gari la korosho bila kuniarifu, moja kwa moja hadi kwa Bi Kanta, kaja kumchukua mjukuu wake anayefundishwa kuabudu masanamu. Kabla hajavua viatu nikamwambia, "Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu, lakini Mariamu kwenye salfa haendi." Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe.

Ndani walikuwa wanasoma. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akasikiliza mpaka wakamaliza.

Bi Kanta akamwona. "Mama Nassoro, ingia. Au umekuja kutazama kama nimekufa uchukue vitambaa?"

"Vile vyako vinavyochuja rangi? Nivipeleke wapi?" Akaingia, akaketi, akamwita Mariamu, akamshika mabega. "Hebu vuta tena." Mtoto akavuta. Mama mkwe akamtegea sikio, kisha akanigeukia mimi. "Haisikiki. Anavuta kama Maalim Chande."

Mama mdogo, ni Babu yetu huyo aliyemtaja. Wewe ni binti yake, mimi ni mjukuu wake, na hakuna aliyewahi kuniambia jinsi Babu alivyokuwa akipumua. Mama mkwe alisoma kwake Mikindani akiwa msichana. Anasema wanafunzi walikuwa wakimkodolea macho wamkamate anavuta saa ngapi, na hawakumkamata. Mimi nilisoma kwake miaka yote ile na nilikuwa naangalia bakora.

Basi mama mkwe ametoa sharti lake. Mariamu abaki kwa Bi Kanta mpaka salfa iishe, ila asijifunze pumzi kwenye maneno ya watu wengine tu. Jioni akirudi nyumbani asikilize Qur'ani kwa sauti ya Babu, avute anapovuta yeye. Isipopatikana sauti hiyo mwezi huu, anakuja kumchukua, na safari hii atakuja na Nassoro. Bi Kanta aliposikia akasema hata yeye angeweka sharti hilohilo.

Nimefikiri sana na nimeona mama mkwe hakukosea. Kaseti ya Babu unayo wewe. Najua ndiyo pekee, na ndiyo uliyoondoka nayo Mikindani ulipoolewa, ukaitanguliza sandukuni kabla ya nguo. Siiombi iwe yangu. Jayanti ana ndugu anayejua kuihamishia kwenye simu, nami nitakuwa nimekaa naye palepale. Itarudi kwako kwa mkono wa Kassimu yuleyule.

Wasalimie Baba mdogo Hassani, dada Subira na wanawe, na yule bibi jirani anayekuchotea maji. Mama mkwe anakusalimu, Bi Kanta naye anakusalimu, anasema bado ana kipande cha kitambaa ulichokikataa. Mwenyezi Mungu akupe afya na ayapanue makaburi ya wazee wetu.

Mimi mwanao nisiyekusahau hata ninaposinzia,
Mwanahamisi

Kassimu atavuka tena mto pale Kilambo kurudi kwetu kabla mwezi haujaisha. Naomba umpe hivi:

Asali ya kwenu, chupa moja ndogo, ya Omari.

Pamba mbichi isiyotiwa dawa, konzi mbili, Bi Kanta asokotee tambi za kitaa. Ya dukani anasema inatoa moshi, na moshi si mzuri kwa Mariamu.

Kaseti ya Babu. Ifunge kwenye khanga yako kuukuu, si kwenye nailoni. Usiisafishe wala usimpe mtu airekebishe. Pale mwanzoni, kabla ya bismillahi, ambapo mkanda unazunguka na hasikiki mtu, paache hivyohivyo. Ndipo anapovuta.